Rudisha Kwanza

Ukimpita bila shikamoo, alikuwa anakurudisha. Hakupandisha sauti. Alisimama tu kwenye njia ya kokoto inayotoka getini kwenda kantini, akasubiri uyahisi macho yake mgongoni, na ukigeuka alikuonyesha kwa kidole mahali ulipoanzia. Unarudi hadi pale, unaanza kutembea upya kana kwamba ndiyo kwanza mnaonana, unasema shikamoo, naye anaitika, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" kwa furaha kabisa, kama mtu asiyejua lolote kuhusu safari yako ya kwanza. Nilimwona akimfanyia hivyo rais wa serikali ya wanafunzi mbele ya wapambe wake. Nilimwona akimfanyia mhadhiri kijana aliyekuwa amerudi tu kutoka masomoni nje, na mhadhiri alirudi, begi la kompyuta likimpigapiga kiunoni, akasalimia.

Tulimwita Mlezi. Ndiyo ilikuwa kazi yake: mlezi wa wanafunzi katika tawi letu, tawi dogo la chuo kikuu lililojengwa nje kidogo ya mji wa Kilosa, upande ambao treni unaisikia kabla hujaiona na milima inachelewa kuvua ukungu. Jina lake nalijua. Kuliandika hapa naona kama kumpita bila kumsalimia. Nimeifuta sentensi hiyo na kuirudisha mara nyingi, kwa sababu nahisi msomaji atadhani naogopa kitu. Labda naogopa. Mimi ni mtu wa kuogopa. Hata ujumbe wa kumwambia mtu asante huwa nausoma mpaka maneno yanapoteza maana, ndipo nautuma, kisha nakaa na simu mkononi nikijiuliza kwa nini hajajibu.

Yeye ndiye aliyenipa jina la Bi Labda.

Siku ya Alhamisi alasiri Mlezi alikuwa na mdahalo wake. Nasema wake, ingawa kwenye ratiba ulikuwa mdahalo wa chuo, kwa sababu bila yeye ukumbi ule ungekuwa wa harusi na mitihani tu. Alisimama mlangoni akapokea shikamoo zetu zote, moja moja, bila haraka. Wa mwisho akishaingia, alifunga mlango na kusema, "Haya, zimeisha. Humu ndani hakuna mkubwa. Adabu zenu nimezipokea, mtazichukua mkitoka."

Wa mwaka wa kwanza walidhani anatania. Mtu aliyemrudisha mhadhiri kwenye kokoto, atakubali kuambiwa na mtoto wa juzi kwamba hoja yake ni dhaifu? Alikubali. Alidai, hata. Msichana mmoja alianza kwa kusema, "Samahani sana Mlezi, kwa heshima yote, naomba nitofautiane kidogo," naye akamkatiza: "Unatofautiana kidogo au unatofautiana?" Msichana akasema, "Natofautiana." Mlezi akaketi vizuri kitini kama mtu aliyeletewa chakula.

Sheria yake ilikuwa moja. Kabla hujamjibu mtu, urudishe kwanza alichosema. Na si kwa kusema "mwenzangu anadai kwamba", kwa sauti ile ya kumdharau. Unarudisha kana kwamba ni wewe. Akisema baba yangu, na wewe unasema baba yangu. Akisema naogopa, unasema naogopa. Ukimaliza unamgeukia, na yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kusema: "Ndivyo nilivyosema." Asiposema hivyo, hujapata zamu ya kujibu, hata kama umejaza kurasa za hoja na mashabiki wako wamepiga meza mpaka zikalegea.

Nakumbuka siku ambayo Hamisi, kijana wa Masanze mwenye sauti ya kuuzia mnadani, alisimama kudai geti la bweni la wasichana lifungwe jua likizama. Unaweza kufikiria tulivyomzomea. Msichana aliyempinga alitakiwa kurudisha kwanza, akaanza kwa mbwembwe, mkono kiunoni, akiigiza kifua cha Hamisi. "Mimi Hamisi nataka geti lifungwe. Nina mdogo wangu wa kike nyumbani, na huwa sipati usingizi mpaka nimsikie amefungua mlango." Hapo mkono ukashuka kiunoni. Alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza yakitoka mdomoni mwake mwenyewe. Bado alimpinga, na alimshinda vibaya. Ila alimpinga Hamisi aliyekuwa mbele yake, hakumpinga Hamisi aliyekuja naye kichwani kutoka bwenini.

Mtu akikosea kurudisha, Mlezi aliuliza swali ambalo mpaka leo huwa naliona kwenye ndoto za mtihani: "Umemsikia, au umemsubiri?"

Wawili wakibishana kama maneno yamerudi sawasawa, alinigeukia mimi. Sikuwahi kusimama kutoa hoja ukumbini. Alinigundua muhula wa kwanza nikiwa nimekaa pembeni, mwenzangu akiniuliza mzungumzaji amesema nini, nami nikimjibu, "Labda amesema hivi, lakini labda alimaanisha vile, ila neno alilotumia ni hili." Mlezi akaniita mbele na kunikalisha kwenye kiti kando yake. "Wewe neno moja unaligeuza mpaka linachoka," alisema. "Nyumbani huo ni ugonjwa. Hapa ni kazi. Kaa." Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwamuzi wa kurudisha. Hakuna mtu kabla yake aliyewahi kuniambia kwamba wasiwasi wangu unafaa kwa kitu chochote.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika wa kusikiliza. Kantini, kwenye mambo ya mpira, hakumwachia mtu amalize sentensi. Aligombana na redio. Mtu akimpigia simu na kuanza na maelezo marefu, alisema, "Nimekuelewa," akakata, na nusu saa baadaye ilibainika hakuelewa chochote. Bila kujua kwamba nasikia, mama wa kantini alimwambia, "Mlezi, ungekuwa unanisikiliza mimi kama unavyowasikiliza hao watoto, usingekuwa unakunywa chai isiyo na sukari kila siku." Akajibu, "Umesema sukari?" akiwa ameshaondoka.

Na alikuwa na upande. Hilo wengi hawakulijua, kwa sababu ukumbini alikaa kimya. Alikuwa mtu wa Lumuma, wa kule milimani kwenye vitunguu, aliyelelewa kwenye shule ya misheni na nyimbo za kanisa ambazo alizipiga mluzi akikagua mabweni. Kaka yake bado analima huko.

Ninachotaka kukisimulia kilitokea muhula wangu wa mwisho.

Wiki hiyo ng'ombe walikuwa wameingia mashambani Masanze. Haikuwa mara ya kwanza, wala si Masanze tu. Anayeishi Kilosa anajua habari hizi zinavyokuja, kwanza kwa simu, halafu kwa picha, halafu kwa maneno ambayo hayajulikani yameanzia kwa nani. Moja ya mashamba yaliyoliwa lilikuwa la baba yake Hamisi. Chuoni kulikuwa na wanafunzi wachache wa jamii za wafugaji, na mmoja wao, Saning'o, wa mwaka wa tatu kama sisi, ndiye aliyejulikana zaidi, mrefu, mtani, fundi wa kutengeneza simu za watu. Kufikia Jumatano kuna watu waliokuwa hawampelekei tena simu zao. Akiingia kantini, sauti zilishuka. Mtu alimuuliza kwa kicheko, "Mwamba, fimbo yako umeiacha wapi leo?" na Saning'o, ambaye sijawahi kumwona na fimbo, hakucheka.

Mada ya Alhamisi ilikuwa imebandikwa ubaoni mapema zaidi ya hapo: wafugaji waondoke kwenye vijiji vya wakulima. Hamisi aunge mkono. Saning'o apinge. Walikuwa wamejiandikisha wenyewe, kabla ya ng'ombe.

Asubuhi ya Alhamisi nilikwenda ofisini kwa Mlezi kumwomba aahirishe. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu usiku kucha. Nilimkuta mkuu wa tawi ameshafika kabla yangu, nikabaki kwenye benchi la nje, mlango wazi.

"Mzee wangu, nakuomba," mkuu wa tawi alisema. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulikuwa unatoka jasho. "Hii si mada ya wiki hii."

"Ni ya wiki ipi?"

"Ya wiki tulivu."

"Wiki tulivu hawaji ukumbini. Wanakwenda mtoni kupiga picha."

"Wakipigana je?"

"Wanaweza kupigana. Mabwenini wameshaanza, ila kule wanapigana bila kusema wanachopigania."

Mkuu wa tawi akatazama dirisha. "Kikivunjika hata kioo," alisema, "utajibu wewe. Na mdahalo wako sitaweza kuutetea tena. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuvizia."

"Nimekusikia."

"Unafanya au hufanyi?"

"Nafanya."

Alipotoka, hotuba yangu yote ilikuwa imeshanikimbia. Mlezi akanitazama. "Bi Labda, umekuja kuniambia nini?"

"Labda hakuna kitu, Mlezi."

"Basi uwahi kufika alasiri. Nitakuhitaji."

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mlezi alipokea shikamoo mlangoni kama kawaida, lakini foleni ilikuwa na watu ambao hawakuwahi kuja Alhamisi yoyote, na baadhi walisalimia bila kumtazama. Saning'o alikuwa wa mwisho. Nilikuwa nimesimama karibu. Hakutoa shikamoo. Alipita. Nilisubiri Mlezi amrudishe. Hakumrudisha. Alifunga mlango, akasema maneno yake ya kila wiki kwamba adabu zimeisha, na sauti yake ikakwaruza katikati.

Hamisi alianza. Sauti ya mnadani haikuwepo. "Baba yangu ameamka asubuhi amekuta shamba limekuwa barabara," alisema. "Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Nimesomeshwa na mahindi. Baba hakulia. Alikaa kwenye tuta, akawa anaokota mabua na kuyasimamisha, kama vile yatashika tena. Mimi sina ubaya na mtu. Nataka nilime nijue nitavuna. Kama hatuwezi kukaa pamoja, waondoke."

Meza zilipigwa. Saning'o akasimama.

"Baba yangu ameamka asubuhi amekuta shamba limekuwa barabara."

"Baba yako ndiye aliyewapeleka!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Kicheko kikazuka, halafu kelele, viti vikakwaruza sakafu, watu wa nyuma wakaanza kusogea mbele. Nilitazama vioo vya madirisha. Vyote, kimoja kimoja. Mlezi aliinuka, lakini Hamisi alimtangulia. Aligeuka na kulikabili kundi lake mwenyewe.

"Oya, nyamazeni! Ananirudisha mimi huyo! Maneno ya baba yangu hayo, mnamcheka nani?"

Walinyamaza. Saning'o akaendelea hadi kwenye mabua, hadi kwenye tuta. Aliyasema taratibu, bila kuigiza. Hamisi alikuwa anatazama chini. "Ndivyo nilivyosema," alisema, na sauti yake haikusikika vizuri, ikabidi aseme tena.

Labda mambo yangeishia hapo vizuri. Lakini kutoka dirishani mtu aliita: "Na Mlezi je? Kaka yako analilia vitunguu Lumuma tangu juzi, wewe umekaa hapo kama refa! Sema na wewe!"

Nilikuwa sijui. Nilimtazama, na nikaona kwamba ni kweli.

Aliondoka kwenye kiti chake. "Bi Labda, kaa hapa." Nikakaa kwenye kiti cha Mlezi, ukumbi mzima ukinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini kila Alhamisi alikuwa akishika mikono ya kiti hicho kwa nguvu. Akaenda kusimama upande wa Hamisi.

"Mnataka upande wangu," alisema. "Nataka waondoke. Sitaki kikao, sitaki kamati, sitaki utaratibu. Kaka yangu ameinama kwenye vitunguu vile tangu mvua za kwanza, na asubuhi moja amekuta kwato. Wiki hii nikimwona mtu aliyejifunga shuka barabarani, namchukia kabla sijamwona uso. Nimesema."

Hakuna aliyepiga meza. Saning'o alikuwa bado amesimama. Ilikuwa zamu yake kurudisha.

"Kaka yangu amepata hasara," alisema. "Nimesikitika, na ningependa wafugaji watafutiwe..."

"Hapana. Sikusema ningependa."

"Kaka yangu amekuta kwato shambani. Nataka wafugaji waondoke, kwa sababu nina uchungu..."

"Umenipunguza. Nimesema namchukia."

Saning'o akatazama mlango. Nilimwelewa, na nadhani kila mmoja mle ndani alimwelewa. Tumelelewa hivyo. Mtu wa umri wa baba yako akisema neno baya, unaliokota, unalifuta vumbi, unamrudishia likiwa safi. Kulisema jinsi lilivyo, usoni pake, ni kama wewe ndiye unayemtusi.

"Mlezi, siwezi kukwambia neno hilo."

"Unanifanyia adabu," Mlezi alisema. "Adabu imebaki mlangoni. Ukinijibu bila kulirudisha, utakuwa umemjibu mzee mwingine, mzuri kuliko mimi. Rudisha."

Na Saning'o akarudisha. Alisema, "Wiki hii nikimwona mtu aliyejifunga shuka, namchukia kabla sijamwona uso," akimtazama Mlezi machoni.

"Ndivyo nilivyosema," Mlezi alisema. "Sasa nijibu."

Nimeligeuza jibu lake kichwani miaka hii yote, na naamini sijalipunguza.

"Mlezi amesema tuondoke. Mimi nauliza twende wapi. Nimezaliwa wilaya hii. Nimesoma na watoto wenu. Ng'ombe waliokula vitunguu vya kaka yako siwajui, na mwenye nao simjui, lakini wiki nzima natembea humu chuoni kama mimi ndiye niliyewafungulia. Juzi nimekuta godoro langu limetupwa nje ya bweni. Nilikuwa nimeinama nalikung'uta, wewe ukapita. Nikainuka nikakusalimia, shikamoo. Ulinisikia. Hukuitika. Wewe unayewarudisha watu kwenye kokoto kwa ajili ya shikamoo, ya kwangu hukuiitika."

Akaketi.

Zamu ilikuwa ya Mlezi. Alifungua mdomo. "Mlezi amesema tuondoke," alianza. "Nauliza twende wapi. Nimezaliwa..." Alifika kwenye godoro. Alisema, "Nilikuwa nimeinama," akasimama hapo. Akajaribu tena kutoka "nilikuwa nimeinama", akakwama palepale. Tulimsubiri. Nje treni ilipita, tukaisikia yote mpaka ikaisha. Mimi nilikuwa kwenye kiti chake, na sheria ilinitaka nimuulize kama amesikia au amesubiri. Ningemuuliza vipi? Jibu lilikuwa limeandikwa usoni pake.

"Nitarudisha Alhamisi," alisema mwishoni. Akafungua mlango, watu wakatoka kimya, na hakuna aliyedai adabu yake.

Hakuna kioo kilichovunjika. Hata kiti. Godoro la Saning'o, lililokuwa bado limeegemezwa nje ya bweni, lilirudi ndani jioni ileile, na aliyelishika upande wa pili alikuwa Hamisi, tuliwasikia wakilipandisha ngazini huku wakibishana kuhusu mipaka ya vijiji kana kwamba wako ukumbini, "Rudisha kwanza!" "Sijamaliza, wewe!" Lakini mtu alikuwa ametuma mjini sehemu ya video aliyorekodi ukumbini, ile sehemu ya Mlezi akisema namchukia, peke yake, bila yaliyotangulia wala yaliyofuata. Jumatatu tangazo lilibandikwa: mijadala yote ukumbini imesitishwa mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Alhamisi haikuja. Mlezi alipelekwa kusimamia stoo ya vitabu, na huko ndiko alikostaafia.

Muhula ule wote Saning'o alimpita kwenye kokoto bila kumsalimia. Na Mlezi, kila mara, alisimama, akamtazama akienda, na hakuinua kidole. Nimewahi kuona watu wakigombana kwa matusi na ngumi. Sijaona ugomvi ulionikosesha usingizi kama ule.

Mwaka huu nimemwona tena.

Nilikwenda Mikumi kwa usaili wa kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii. Naishi Kimamba kwa mama, nina shahada, na nina uzoefu mkubwa wa usaili. Waliniuliza ningefanya nini mgeni akinikasirikia, nami nikaeleza uwezekano mwingi sana mpaka mmoja wao akatazama saa. Nilipotoka nilikuwa na aibu yangu na muda wa kupoteza, nikakumbuka kwamba Mlezi alihamia kwa binti yake, mwenye mgahawa wa madereva wa malori pembeni ya barabara kuu. Nilipita mlangoni mara kadhaa kabla sijaingia. Labda amelala. Labda hatanikumbuka.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amepungua, akigombana na redio.

"Shikamoo, Mlezi."

"Marahaba." Akanitazama vizuri. "Bi Labda! Umepita hapo nje kama askari wa doria, nikasema huyu ama ni mwizi ama ni yeye."

Tulikunywa chai. Aliniuliza habari za mama, za kazi. Kila gari kubwa lilipopita, vikombe vilitetemeka mezani. Nilimwambia Hamisi amekuwa mwalimu. Akaitikia kwa kichwa, akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Na yule mwingine?"

"Saning'o ana duka la dawa za mifugo, Mlezi. Kimamba, karibu na kwetu."

"Mnasalimiana?"

"Tunasalimiana."

Alikikunja kitambaa tena. Halafu akasema, akitazama barabara, "Nilimwambia Alhamisi."

Nilielewa mara moja, na mara moja nikaanza kuogopa. Namba ya Saning'o ninayo. Ningeweza kupiga. Lakini labda yuko na wateja. Labda ameshasahau na mimi namtonesha kidonda. Labda hatasahau kamwe, na atakata simu, na mzee huyu atabaki hapa na kikombe chake mimi nikiwa njiani kurudi Kimamba. Na mimi ni nani wa kuingilia? Nilifika mbali sana kwenye mawazo hayo. Kisha nikaona mikono yake imeshika kiti kama ilivyokuwa ikikishika kile cha ukumbini, nikapiga.

Saning'o alipokea huku mbuzi wakilia nyuma yake. Nikamweleza niko wapi na niko na nani. Upande wa pili nikawasikia mbuzi tu.

"Anataka nini?" aliuliza.

"Anataka kurudisha."

Nilidhani amekata. Kisha akasema, "Weka sauti juu."

Niliweka simu juu ya meza, kati ya bakuli la sukari na pilipili. Mlezi aliisogelea kama mtu anayeongea na mtoto aliyetumbukia kisimani.

"Mlezi amesema tuondoke," alisema. "Nauliza twende wapi. Nimezaliwa wilaya hii, nimesoma na watoto wenu. Ng'ombe waliokula vitunguu siwajui, lakini natembea humu kama mimi ndiye niliyewafungulia. Nimekuta godoro langu nje ya bweni. Nilikuwa nimeinama nalikung'uta, wewe ukapita." Alivuta pumzi. "Nikainuka nikakusalimia, shikamoo. Labda hukunisikia. Hukuitika."

Lori likapita, na vikombe vikatulia baada yake. Neno langu mwenyewe, labda, nilikuwa nimelisikia limekaa mahali ambapo halikuwepo. Nilitaka kusema kitu. Haikuwa kazi yangu.

"Umelainisha, Mlezi," Saning'o alisema. "Sikusema labda."

Binti yake alikuwa ameacha kufuta meza. Mzee alifumba macho.

"Nikakusalimia, shikamoo," alisema. "Ulinisikia. Hukuitika."

Mbuzi walilia. Mtu aliita dukani, akaambiwa asubiri.

"Ndivyo nilivyosema."

Mlezi alifungua macho lakini hakujiegemeza. Aliendelea kuinama juu ya simu, sikio moja karibu kabisa na meza, akingoja kitu ambacho hakuwa na haki ya kukiomba. Kilichukua muda.

"Shikamoo, Mlezi," simu ilisema.

"Marahaba, mwanangu." Akapangusa mdomo kwa kiganja. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Basi. Ila wewe uliuliza mwende wapi, na mimi sijakujibu. Na nakwambia mapema, kaka yangu bado analima."

"Na mimi bado niko hapa," Saning'o alisema. "Nina muda. Anza wewe."

Mlezi akasogeza kiti karibu na meza, akanitazama, akanionyesha kwa kidole kiti kilichokuwa kando yake.